Waya wa Chumbani kwa Papa

Jumatatu, 2 Machi 2009

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Ilianza saa tisa alasiri nikiwa bado kibandani kwangu Kabalagala, kompyuta ya mteja imefunguliwa mezani, na nikaiacha vilevile nikasimama mlangoni kunusa vumbi lililolowa. Nina miaka sita Kampala lakini harufu hiyo bado inanirudisha kwetu Butembo, Kongo, na ninapenda kurudishwa. Wateja wanasema fundi Mbambu akiona mvua anakuwa bubu. Waseme.

Nyumbani Kibuli nilimkuta Papa, baba yangu, amejifungia chumbani. Mwezi uliopita nilimuundia kompyuta kwa vipuri vya mashine tatu zilizokufa, na yeye mwenyewe akaomba waya wa intaneti uingie chumbani kwake. Nilifurahi, nikidhani mzee anataka kusoma habari za kwetu. Sasa kila alasiri anafunga mlango, na mimi na binti yangu Reine, tulio chumba cha pili, tunasikia vidole viwili vikigonga, vikinyamaza, vikigonga tena. Nikibisha hodi anazima kioo kwanza ndipo anasema ingia.

Naandika haya kwa sababu nina hofu na sina wa kumwambia. Faili letu la kwenda Kanada lina majina matatu: la Papa, yaani Kasereka, langu, na la Reine mwenye miaka tisa. Faili ni moja, kwa hiyo tunakwenda wote au tunabaki wote. Huu ni mwaka wa pili limekwama, na sote tunajua limekwama wapi. Limekwama kwenye ile miaka minne ambayo Papa alikuwa karani wa kizuizi cha barabarani, akiandika malori kwa ajili ya watu wenye bunduki. Kwenye mahojiano ya mwisho ya ofisi ya wakimbizi walimshikilia saa nne nzima. Kama sasa anaandikiana na wenzake wa zamani, na ofisi ikaja kujua, tumekwisha.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Papa alilala mchana, nami nikalala.

Jumatatu, 9 Machi

Nimejaribu kumsikiliza. Niandike tu wazi, maana hata nikiandika kwa kuzunguka, nimefanya.

Programu ya kusikiliza mtandao ninayo kwenye laptopu yangu, ni chombo cha kazi. Nilikaa kitandani, nikaiwasha, nikasubiri maneno ya Papa yapite. Hayakupita. Niliona mazungumzo yangu mwenyewe tu, na mara moja moja mwito unaopigwa kwa nyumba nzima: nani ana anwani namba saba? Namba saba ni Papa, mimi ndiye niliyempa. Mwito unapigwa, na baada ya hapo kimya, kwa sababu jibu haliji kwangu.

Kosa ni langu kusahau nilikojifunzia. Kwenye mgahawa wa intaneti nilioanzia kazi mwaka 2003, mashine zote ziliunganishwa kwa hab, kisanduku cha kukutanisha waya za mtandao. Hab haina akili. Ikipokea neno la mmoja inalipeleka kwa wote, na kila mashine inapuuza yasiyo yake. Ukitaka kusikia ya wenzako, unaiambia mashine yako isipuuze, basi. Lakini kwenye korido ya Hajati Kulusum, mwenye nyumba wetu, kuna swichi ya mtandao ya matundu manane aliyoileta mwanawe Abdul-Latif, yule anayepakia mabehewa kwenye feri pale Port Bell. Swichi inajifunza nani anakaa tundu gani, na cha Papa inampa Papa peke yake. Katika nyumba hii, ambamo mtu akipiga chafya bafuni anaombewa afya jikoni, kitu pekee kisicho na umbeya ni hiyo swichi.

Nilisinzia huku nikitazama kioo. Mwito ule uliendelea kupita, nani ana namba saba, nani ana namba saba, na mvua juu ya mabati. Niliota niko darasani Butembo na mwalimu anaita majina, na mimi najua jibu lakini sina sauti.

Jumatano, 11 Machi

Reine ameuliza Kanada mvua inanyesha saa ngapi. Nimemwambia saa tisa.

Jumamosi, 14 Machi

Siku ya aibu. Kuna ujanja wa kuizunguka swichi, na ni ujanja wa uongo. Niliiambia mashine ya Papa kwamba modemu, kile kifaa kinachotuletea intaneti, ni mimi, na modemu nikaiambia kwamba Papa ni mimi. Mashine hazijui kutilia shaka, zinamwamini aliyesema mwisho. Kuanzia hapo, kila alichoandika Papa kilipaswa kuja kwangu kwanza, kisha nikiachie kiende zake.

Nikasahau sehemu ya kukiachia. Fundi mzima wa miaka sita. Kila kitu kilifika kwangu na kuishia kwangu, na baada ya dakika mbili mlango ukabishwa.

"Mbambu, mama, hii mashine yangu iko inakufa," Papa alisema. "Inazunguka tu, haisikie."

"Ni mvua, Papa."

"Mvua haiyaanza."

Kweli, nje kulikuwa jua. Nilizima uongo wangu kwa siri, kisha nikaenda chumbani kwake nikajifanya nachezea waya. Juu ya meza kulikuwa na karatasi, naye akaifunika kwa kiganja, bila haraka, jinsi mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Nilipomwambia imepona, alinishika bega. "Aksanti, mama. Bila weye ningefanya je?"

Nilirudi nikakaa na laptopu imefungwa mapajani. Nimeamua sitasimama tena kwenye njia yake. Nikisikiliza, nitasikiliza kutoka pembeni, na neno lake lipite kama linavyopita.

Alhamisi, 19 Machi

Nimekwenda soko la Owino kutafuta hab. Nilizunguka kuanzia kwenye viatu vya mitumba hadi kule wanakouza redio na pasi za umeme, na nikampata mzee mmoja wa Gulu, Okot, ameketi kati ya masanduku ya waya zilizosokotana.

"Hab?" alisema. "Dada, hiyo kitu watu walisha tupa. Siku hizi kila mutu anataka swichi."

"Mimi nataka hab."

Alichimba hadi chini kabisa ya sanduku, akaitoa, akaipuliza vumbi. Ina matundu manne na taa moja iliyopasuka. "Hii inaongea sana," aliniambia. "Ukiweka siri hapa, imeenda." Nikamwambia ndiyo ninayoitaka, naye akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Jioni nilipanda kiti kwenye korido. Waya wa Papa nikauchomoa kwenye swichi nikauchomeka kwenye hab. Hab nikaiunganisha na swichi. Na kutoka tundu jingine la hab nikavuta waya mpya hadi chumbani kwangu. Sasa swichi inampa Papa cha Papa, uaminifu wake haujaguswa, lakini kabla hakijafika kwake kinapita kwenye mdomo wa hab na mimi nakisikia. Hajati Kulusum alipita na birika la udhu mkononi.

"Mama Reine, hiyo sanduku ni ya nini tena?"

"Inasaidia waya wa mzee, Hajati. Ulikuwa dhaifu."

"Kale, sawa. Ile mashine ya muzee itazamwe vizuri," alisema, akaenda kuswali.

Jumamosi, 21 Machi

Nimemsikia.

Neno lake la siri sikuliona, mlango wa kuingilia umefungwa vizuri. Lakini akishaingia ndani, barua inapita wazi. Na kuna jambo ambalo sikulitegemea: ile huduma ya barua pepe inahifadhi rasimu yenyewe, kila baada ya dakika moja. Kwa hiyo sikuona barua moja. Niliona barua ikikua. Nafasi kati ya maneno zinapita zikiwa alama za kujumlisha, na ya kwanza ilikuwa hivi:

Mimi+Kasereka+

Dakika moja. Kisha:

Mimi+Kasereka+ninaandika+juu+ya+faili

Dakika nyingine, na neno faili limekuwa faili+yetu. Dakika tano hakuongeza kitu. Mvua ilikuwa inanyesha ile ndogo isiyo na haraka, na mimi nikitazama kioo nikajikuta napumua pamoja naye. Barua inakwenda ofisi ya wakimbizi, na ameiandika kwa Kiswahili. Naelewa kwa nini. Kwenye mahojiano waliuliza Kifaransa chake kizuri hivi cha maofisini alikitumia wapi.

Hawaandikii wenzake wa zamani, na hilo limenishusha pumzi. Lakini anataka kuiambia nini ofisi ambacho hawezi kuniambia mimi?

Jumanne, 24 Machi

Ameandika mstari mmoja kwa saa nzima, akaufuta. "Binti+yangu+ni+mtu+mwema." Badala yake ameweka: "Binti+yangu+ni+fundi."

Nilicheka, kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumamosi, 28 Machi

Sijui niandike vipi. Nitanakili. Nimeondoa zile alama za kujumlisha.

"Kwenye mahojiano muliniuliza kama nilifanya mubaya kwa kizuizi. Nilisema hapana, nilikuwa naandika tu. Ni kweli nilikuwa naandika. Siku moja kulipita malori mawili, turubai limefungwa. Chini ya turubai kulikuwa vijana wa shule, walikuwa wanapelekwa kuwa askari. Nilisikia mumoja anakohoa. Mukubwa aliniambia andika chumvi. Niliandika: chumvi, malori mawili. Nilikuwa na mwandiko muzuri."

Alisimama hapo. Rasimu ilijihifadhi, ikajihifadhi, ikajihifadhi, maneno yaleyale kila dakika, mara kumi na nne. Nilihesabu kwa sababu sikuweza kuondoa macho. Kila mara ilipopita nilitumaini atakuwa amefuta, na kila mara ilikuwa pale pale.

Nakumbuka miaka hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilikuwa nikijisifu kwa rafiki zangu kwamba baba yangu ana kazi ya kalamu. Alikuwa akirudi jioni, ananawa mikono muda mrefu, anakula kimya. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema amechoka.

Baadaye akaongeza mistari miwili:

"Kwa hiyo munitoe kwa faili. Hawa wawili hawakuandika kitu."

Jumapili, 29 Machi

Sikula naye leo. Nilisema tumbo linauma. Nina hasira naye kwa ajili ya wale vijana, na nina hasira naye kwa kuamua peke yake, na hizi hasira mbili hazipatani kichwani mwangu. Alinitumia Reine na kikombe cha chai ya tangawizi.

Jumanne, 31 Machi

Mvua mchana kutwa. Hata asubuhi ilikuwa kama jioni.

Jumamosi, 4 Aprili

Kabla ya siku hizi nilimjua Papa kwa mambo machache: kofia yake, kikohozi chake, namna anavyokunja gazeti mara nne. Sasa namjua kwa anayoyafuta. Alasiri hii ameandika: "Ninaomba musamaha," akafuta. Ameandika: "Sijue kama kuko mutu wa kunisamehe," akafuta. Ameandika: "Nina miaka sitini na nane na miguu inavimba, Kanada kuko baridi, ni heri nibaki," akafuta yote, maana hakutaka waseme anatafuta huruma. Kilichobaki ni malori mawili na chumvi, na munitoe.

Nimekuwa narudi nyumbani mapema. Wateja wananung'unika. Ikifika saa nane na nusu nafunga kibanda, na wingu likiwa juu ya kilima cha Kibuli mimi niko kitandani, laptopu iko magotini, mlango umerudishwa. Saa nyingine natazama, saa nyingine nasinzia tu huku maneno yanapita, na katika usingizi huo nadhani mvua yenyewe ndiyo inayoandika. Nikiamka sijui kama nilisoma au niliota. Reine aliniuliza kama ni mgonjwa. Nilisema ndiyo, kidogo, na haukuwa uongo.

Hasira ya wale vijana bado ninayo. Lakini imekaa mahali pamoja na huruma, na zote mbili zinamtazama mzee huyu anayegonga kwa vidole viwili. Nampenda. Nilikuwa sijaliandika hilo popote.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka

Papa aliimba kanisani kwa sauti ya juu, watu wakageuka. Hajati Kulusum alituletea sahani ya pilau iliyofunikwa kitambaa, akasema leo ni siku yenu kubwa, na ya kwetu mtaleta chapati. Papa alimpa Reine nyama yake yote, kipande baada ya kipande, kama mtu anayemalizia deni la muda mrefu. Hakugusa kompyuta.

Alhamisi, 16 Aprili

Hajati aliniita uani, kwenye kamba ya nguo.

"Mama Reine, kuna kitu. Muzee iliniuliza kama inaweza baki kwa ile chumba ndogo ya nyuma. Peke yake." Alibana kibanio kwenye shuka. "Lakini mimi sikujibu. Nilisema, muzee, si nyinyi mnaenda wote? Ikaenda tu."

"Usimjibu bado, Hajati."

"Sijibu. Lakini watu wangu walikuja hapa na jeshi ya Wazungu, baba ya babu yangu, kutoka Sudani. Waliambiwa watarudi kwao. Tuko hapa." Aliokota beseni lake. "Mutu anabaki, si ajabu. Ajabu ni kumwacha bila kusema."

Nilibaki uani hadi matone ya kwanza.

Jumatano, 22 Aprili

Ofisi imepiga simu. Mahojiano ya familia nzima, Jumatano tarehe sita Mei. Nilimwambia Papa wakati wa chakula. Alitafuna, akameza, akauliza ni tarehe ngapi tena, nikarudia.

Barua yake imebakiwa na siku kumi na nne.

Jumatatu, 27 Aprili

Ameituma leo. Yaani, alibonyeza.

Mvua ilikuja mapema na kwa nguvu, maji yakaingia chini ya mlango, nikaweka gunia. Nililala kifudifudi kitandani, laptopu juu ya mto. Papa alikuwa ameanza saa nane. Alisoma barua yote tangu mwanzo; najua kwa sababu kwa muda mrefu hakubadilisha kitu isipokuwa koma moja. Kisha akaongeza tarehe, na jina lake kamili, na neno karani.

Saa tisa na dakika kumi barua ikatoka. Niliiona ikipita nzima, kuanzia Mimi hadi karani. Mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba dishi la intaneti juu ya paa lilikuwa halioni mbele, na kutoka ng'ambo hakukuja jibu. Mashine ikitoa neno inangoja iambiwe limefika, na isipoambiwa inalitoa tena. Mashine ya Papa ikangoja kidogo, ikaitoa barua ileile. Kimya. Ikangoja mara mbili ya hapo, ikaitoa tena. Kimya. Ikangoja mara mbili zaidi. Nililala pale nikiona malori mawili na chumvi na munitoe, munitoe, munitoe, na kila mara kati yake kimya kinakuwa kirefu kuliko cha kwanza. Sijawahi kuona kitu chenye subira hivyo.

Baada ya mara ya saba ngurumo ikapiga juu ya nyumba, na Hajati akapita koridoni akigonga milango. Ni amri ya nyumba hii tangu radi ilipoiua redio yake: ngurumo ikipiga, kila mtu anatoa waya ukutani. "Toeni waya! Waya zote!" Nilisikia plagi ya Papa ikichomoka. Barua ikaishia hapo, kwangu.

Papa alitoka amevaa koti. Uso wake ulikuwa laini, sijauona hivyo tangu tulipomzika Mama.

"Nimemaliza ile kazi yangu," alisema. "Hii mashine sasa Reine achukue, asome nayo."

"Umehakikisha imekwenda, Papa?"

"Nilibonyeza." Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. "Karani akishagonga muhuri, mambo imetoka kwa mikono yake."

Akaenda kusimama barazani kutazama mvua, mikono nyuma. Mimi peke yangu katika Kampala nzima ndiye niliyejua kwamba haikwenda.

Jumanne, 28 Aprili

Nimeitoa hab. Waya wa Papa umerudi kwenye swichi.

Alhamisi, 30 Aprili

Papa amenunua viatu vipya vya Reine. Anaimba jikoni. Nikinyamaza hadi tarehe sita, tutaingia mle ndani watatu, yeye akiamini wamekwisha kuisoma barua yake. Watamwuliza, na atajibu kama mtu anayejibu waliokwisha kujua.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, kibanda kimefungwa. Nimelala mchana kutwa nikitazama dari.

Naandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Nimejiambia siku nne kwamba nanyamaza ili nimlinde Papa. Ni uongo. Siku ile, barua ilipokuwa inarudia na kurudia, mimi niliomba. Nilikunja ngumi juu ya mto nikamwomba Mungu, na sikumwomba aizuie. Niliomba ipite. Nilitaka ifike, nitolewe mzigo huu, nimpeleke mtoto wangu. Ndiyo sababu siwezi kumtazama Papa usoni. Kusikiliza kwangu ni aibu ndogo.

Jumapili, 3 Mei

Tulirudi kutoka kanisani. Reine akaenda kwa Hajati kusukwa. Papa alikaa barazani na ungo wa maharage mapajani, akitoa mawe, na jua likawa linatoka na kuingia. Nilikaa chini, kwenye ngazi, ili nisiwe juu yake.

Nilimwambia yote. Swichi, uongo wa ile Jumamosi, hab ya Owino, rasimu. Nilimwambia barua haikwenda. Aliendelea kutoa mawe. Nilipomaliza alikuwa ameacha, lakini vidole vilikuwa bado ndani ya maharage.

"Na zile nilifuta," alisema. "Zile pia ulisoma?"

"Nilisoma, Papa."

Aligeuza uso ukutani. Nilijua ndipo nilipomuumiza. Malori alikuwa ameyatoa mwenyewe ayaone mtu. Yale mengine hakuyatoa kwa mtu yeyote, nami niliyachukua. Nikamwomba msamaha.

"Wale vijana," alisema baadaye, bado anatazama ukuta. "Unaniona namna gani?"

"Nina hasira, Papa. Haijaisha. Na bado ni mtoto wako."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akakubali vyote viwili. Kisha akauliza, "Wakati ilikuwa inarudia-rudia, weye ulikuwa unafikiri nini?"

Ningeweza kudanganya. Alikuwa amenipa nafasi, sauti yake ilikuwa ya upole.

"Niliomba ipite."

Nililia hapo, kwa nguvu, kama mtoto, na Hajati akachungulia dirishani na kurudi. Nikasema nitabaki, tutabaki wote, Reine atasoma hapa hapa, nitawaambia wafunge faili.

"Usinidanganye mara ya pili," Papa alisema. Aliweka ungo chini. "Mbambu, mama, sikia. Niliogopa kitu kimoja tu. Niliogopa utasema tubaki wote batatu juu yangu, na mimi nitakufa hapa na nyinyi mumefungwa na kaburi. Juu ya ile ndio nilifunga mulango. Kama uliomba ipite, basi tuliomba kitu kimoja."

"Siyo kitu kimoja, Papa."

"Hapana," alikubali. "Lakini barua ni moja."

Tulikaa hadi jua likaacha kuingia na kutoka. Nilimwambia kuna mahojiano Jumatano, anaweza kusema kwa mdomo, mimi nikiwa kando yake. Alisema atasema, na nitasikia kwa masikio safari hii, lakini barua itangulie, maana karani haingii mahali bila karatasi. Akainuka, akachomeka waya mwenyewe. Nilisogeza kiti nikaomba nimwandikie, mimi ni mwepesi. Alikataa.

Rasimu ilikuwa pale ilipohifadhiwa, ila ilikosa tarehe na jina na neno karani. Aliviandika upya kwa vidole viwili, na mimi nilikaa karibu naye, bega kwa bega, nikitazama herufi moja moja zikitokea bila alama yoyote kati ya maneno. Mwishoni aliongeza kitu ambacho hakikuwepo kwenye rasimu zote nilizosoma, orodha fupi ya watakaosafiri. Kabla ya kubonyeza alinisogezea kioo. Alisema faili za watu zinakwama kwa kosa dogo tu la jina, nikague vizuri.

Nilikagua. Yalikuwa majina mawili, langu na la Reine, na hayakuwa na kosa.